Sarafu Yenye Kasoro: Ilizaliwa Hivyo au Iliumizwa Baadaye?

Kijana wa jirani yangu alikuja jioni moja amekunja ngumi kana kwamba ameshika kifaranga. "Shikamoo, baba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akawa amefungua kiganja. Ndani mlikuwa na sarafu ya shilingi 200 ya mwaka 1998, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili.

"Hebu tazama shavuni," akanihimiza. "Kuna namba imeandikwa kinyume. Mtandaoni wanasema sarafu ikitoka kiwandani na kosa inauzwa mamilioni."

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaisogeza chini ya taa. Hakuwa amedanganya. Kuanzia shavuni kwenda shingoni zilikuwapo tarakimu 200, zimezama ndani ya madini, zimegeuka kama maandishi unayoyaona kwenye kioo cha kinyozi. Ukiliona jambo hilo mara ya kwanza lazima ushtuke, na ninamwelewa mtu akikosa usingizi kwa ajili yake. Lakini sarafu ile ilikuwa imeumizwa, haikuzaliwa hivyo, na ushahidi wote ilikuwa imeubeba yenyewe. Nitarudi kwake baada ya kueleza jinsi sarafu inavyotengenezwa, kwa sababu bila hilo kila kitu kitabaki kuwa kubahatisha.

Watu wengi huanza kwa kujiuliza kama sarafu waliyoiokota ni ya ajabu. Ajabu haithibitishi kitu. Hata sarafu iliyokanyagwa na lori ni ya ajabu. Swali lenye faida ni hili: jambo hili lilitokea lini? Lilitokea kabla ya sarafu kugongwa, wakati inagongwa, au baada ya kugongwa? Ukiweza kupanga matukio kwa mfuatano wake, kipi kilitangulia na kipi kikafuata, jibu hujitokeza lenyewe.

Safari ya sarafu huanza na bati refu la madini, limepitishwa kati ya magurudumu mazito mpaka likapata unene unaotakiwa. Mashine hulitoboa bati hilo na kutoa visahani vitupu, kama anayekata biskuti kwa mdomo wa glasi. Visahani hupashwa moto tanurini ili vilainike, huoshwa, kisha hupitishwa kwenye mashine inayovibana pembeni pande zote na kuinua kaukingo kadogo. Ndipo vinaingia kwenye mashine ya kugongea. Huko kuna chapa mbili, moja juu na moja chini. Chapa ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyumenyume, na palipozama kwenye chapa ndipo patakapoinuka kwenye sarafu. Kuzunguka kisahani kuna pete ya chuma inayozuia madini yasitanuke, na mara nyingi pete hiyo ndiyo inayoweka yale meno ya ukingoni. Chapa zinakutana kwa nguvu ya tani nyingi, mara moja tu, na madini hutiririka. Natumia neno hilo kwa makusudi. Hayajayeyuka, lakini kwa shinikizo lile husogea kama unga wa chapati chini ya kiganja, yakajaza kila mfereji na kila kona. Kisha sarafu husukumwa nje na nyingine kuingia, mamia kwa dakika moja.

Kosa la kiwandani lazima lipate mahali pake katika safari hiyo. Ama kisahani kilikuwa na kasoro, ama chapa, ama pigo lenyewe lilikwenda kombo. Ukishindwa kabisa kuonyesha ni hatua gani ya kiwandani ingeweza kuleta alama unayoiona, basi iliingia baadaye, mtaani.

Sasa turudi kwenye shilingi 200. Maandishi ya kinyume yanayozama hutokea kweli viwandani. Sarafu iliyokwisha kugongwa inaweza kunasa kwenye chapa badala ya kudondoka. Kisahani kinachofuata kinaingia, pigo linashuka, na upande mmoja wa kisahani hicho unakutana na sarafu iliyonasa badala ya chapa. Sarafu ile inafanya kazi ya chapa: picha yake iliyoinuka inazama kwenye kisahani, na inatokea imegeuka. Wakusanyaji wa sarafu huzithamini sana sarafu za namna hii. Lakini fikiria kinachofuata. Upande uliokutana na sarafu iliyonasa haukukutana na chapa yake. Kwa hiyo, kama tarakimu 200 za sarafu ya yule kijana zingeingia kwa njia hiyo, tungeona upande mmoja una picha kamili ya simba iliyoinuka, na upande wa pili una picha ile ile, ukubwa ule ule, imezama na imegeuka. Mzee Karume asingekuwapo kabisa.

Kwenye sarafu yetu Karume yupo. Shavu lake lilikwisha kuumbwa ndipo tarakimu zikaja kulibonyeza. Kilichotangulia ni sura, kilichofuata ni namba. Nikaigeuza nimwonyeshe kijana upande wa simba, ambao yeye hakuwa ameuangalia hata kidogo. Nyuma ya lile shavu, mwili wa simba ulikuwa umebapa, na juu ya ubapa huo kulikuwa na vijistari sambamba vilivyopishana kama nyavu.

"Unajua hivi ni nini?" nikamuuliza.

Akatazama kwa muda mrefu. Baba yake ana karakana ya kuchomelea mageti. "Meno ya jiliwa," akasema kwa sauti ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alichukua sarafu mbili, akazigusanisha, akazibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha karakana, na kukaza. Pengine alikuwa anacheza tu, pengine alitaka kumpata mnunuzi asiyejua. Nguvu ikiingia upande mmoja lazima itokee upande wa pili, na ndiyo sababu sarafu haipaswi kutazamwa upande mmoja. Kiwandani pande zote mbili huumbwa kwa pigo moja, zinashirikiana. Mtaani upande mmoja hupigwa na mwingine huumia kwa kuegemea kitu.

Kutoka hapo twende kwenye jambo linalotokea mara nyingi zaidi, mistari. Mistari kwenye sarafu iko ya aina mbili, iliyoinuka na iliyozama, na kidole chako pamoja na mwanga wa taa vinatosha kuitofautisha. Chapa ikichoka hupasuka. Ufa kwenye chapa ni nafasi wazi, madini huingia humo, na kwenye sarafu ufa huo huonekana kama uzi ulioinuka, mara nyingi ukianzia ukingoni na kukatiza herufi moja au mbili bila kuziharibu. Kipande cha chapa kikimeguka kabisa kwenye ukingo, sarafu hupata uvimbe laini usio na picha mahali hapo. Mkwaruzo ni kinyume chake. Msumari, jiwe au kisu huchimba, na madini yaliyochimbwa hayapotei, bali hujikusanya kandokando ya mfereji kama udongo kando ya mtaro. Ukiinamisha sarafu polepole chini ya mwanga utaona kingo hizo ndogo ziking'aa. Mstari uliozama wenye matuta pande zote mbili ni jeraha, na sijui namna ya kuutetea.

Wapo wa kunipinga hapa, na wana haki. Uzi wa nguo au kipande cha waya kinaweza kuingia kati ya chapa na kisahani, kikaacha mfereji uliozama, na hilo ni kosa la kiwandani halali. Tofauti iko kwenye sakafu ya mfereji. Waya uliogandamizwa kwa tani nyingi huacha sakafu nyororo isiyo na matuta kandoni. Msumari huacha sakafu yenye mikwaruzo midogo ya mwendo.

Ufa wa chapa unatufundisha jambo jingine la thamani. Chapa moja hugonga maelfu ya sarafu. Kasoro iliyo kwenye chapa itajirudia kwenye kila sarafu iliyotoka hapo, mahali pale pale, umbo lile lile. Jeraha halijirudii. Hakuna lori litakalokanyaga sarafu mbili zikapata alama zinazolingana nukta kwa nukta. Kwa hiyo ukipata pacha wa sarafu yako, umepata ushahidi mkubwa kuliko maneno ya mtu yeyote.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua wa kanuni hii unatoka Marekani. Mwaka 1937, katika kiwanda cha serikali kilichoko Denver, chapa mbili za sarafu ya senti tano zilionekana kuwa zimegongana bila kisahani katikati na kuachiana alama. Fundi akaipiga msasa chapa ya upande wa nyati ili kuondoa alama hizo, akazidisha. Mguu mmoja wa mbele wa nyati ukafutika. Sarafu zikatoka zikiwa na nyati wa miguu mitatu, na leo zinatafutwa kwa bei kubwa, jambo ambalo limewafanya walaghai kuchukua sarafu za kawaida za mwaka ule na kukwangua mguu kwa kisu.

Utawatambuaje? Msasa uliopigwa kwenye chapa haukula mguu tu. Uliigusa chapa sehemu nyingine pia, na kwa kuwa zote zimetoka chapa moja, sarafu halisi zote zina dalili zile zile: mguu wa nyuma umekonda na kuliwaliwa, na chini ya tumbo kuna mfululizo wa vidoa vidogo vilivyoinuka. Anayekwangua kwa kisu hawezi kuinua vidoa. Anaweza kupunguza madini tu, hawezi kuyaongeza. Isitoshe, mahali mguu ulipokuwa huacha bonde lenye mikwaruzo, wakati kwenye sarafu halisi eneo lile ni sawa na uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na picha, unaolizunguka. Kila nikiitazama picha ya nyati huyu namsifu aliyekuwa wa kwanza kuvigundua vile vidoa, maana mguu usiokuwapo kila mtu anauona.

Herufi zinazopotea zina maelezo mengine pia. Mafuta mazito na vumbi vya mashine vinaweza kujaza mfereji wa chapa, herufi ikakosa nafasi ya kuinuka. Sarafu hutoka ikiwa na herufi hafifu au pengo. Pengo la namna hiyo lina ngozi ile ile ya sarafu nzima, mng'ao ule ule. Lililosuguliwa kwa tupa au sakafu ya saruji halina.

Sasa nije kwenye sarafu zenye maandishi maradufu, ambazo ndizo zinazowachanganya hata watu wenye uzoefu. Chapa nayo hutengenezwa: kuna chapa mama yenye picha iliyoinuka, nayo hugandamizwa kwenye chuma kitupu ili kupata chapa za kufanyia kazi. Zamani mgandamizo mmoja haukutosha. Chuma kilirudishwa tanurini kilainike, kikagandamizwa tena. Kisiporudishwa sawasawa, picha ya pili haiifuniki ya kwanza, na chapa inakuwa na picha mbili. Hiyo ndiyo asili ya senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, iliyogongwa Philadelphia, ambayo mwaka na maandishi ya upande wenye sura ya Rais Lincoln vinaonekana maradufu hata bila kioo. Kosa liligunduliwa usiku ule ule wa kazi, lakini sarafu zaidi ya 20,000 zilikwisha kuchanganyika na nzima, zikaachiwa ziende. Nyingi ziliwafikia wavutaji wa sigara: mashine za kuuzia zilipokea senti 25, pakiti ilikuwa ya senti 23, na chenji ya senti mbili iliwekwa ndani ya karatasi ya pakiti yenyewe.

Kuna umaradufu mwingine usio na thamani hiyo. Chapa ikilegea kwenye mashine, mara tu baada ya pigo huteleza kidogo na kuzikwangua herufi mpya upande mmoja. Herufi hupata kangazi kabapa, kama kibaraza pembeni mwa nyumba. Hili linatokea ndani ya kiwanda, kweli, lakini linatokea baada ya herufi kuumbwa, na wakusanyaji wengi huliweka kundi moja na majeraha. Mimi nakubaliana nao. Kipimo chake ni unene. Kwenye chapa yenye picha mbili, herufi hunenepa, kwa sababu picha zote mbili zimeinuka kikamilifu, na pembe za herufi hugawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Kwenye chapa iliyoteleza, herufi hukonda, kwa sababu kile kibaraza kimekatwa kutoka kwenye herufi yenyewe. Neno linapoongezeka, chunguza. Neno linapoliwa, weka sarafu mfukoni ukanunue vocha.

Sarafu iliyopungua pembeni, yenye umbo la mwezi ulioanza kupungua, nayo ina hadithi yake. Mashine inayotoboa visahani ikitoboa mahali palipokwisha kutobolewa, kisahani hutoka kimemegwa tao. Kumbuka hatua inayofuata: kisahani hubanwa pembeni ili ukingo uinuke, na kubana kunahitaji pande mbili zinazokabiliana. Palipomegwa hapana cha kubana, kwa hiyo upande unaokabiliana napo haupati nguvu, na ukingo wake hutoka hafifu au haupo. Kiwandani, pengo la saa tatu huacha udhaifu saa tisa. Mtu anayekata sarafu kwa mkasi wa bati hajui jambo hilo, na hata akijua hana namna ya kulifanya. Tena herufi zilizo karibu na pengo halisi hufifia na kuvutika kuelekea kwenye pengo, kwa sababu madini yalitiririka kwenda palipo wazi. Zilizokatwa kwa mkasi ni kali mpaka mwisho, zimekatika katikati kama mkate.

Wengi wetu tuliokulia karibu na reli tuliwahi kulaza sarafu juu ya chuma na kusubiri garimoshi. Sarafu ile hutanuka na kuwa nyembamba, picha ikivutika kama imechorwa kwenye puto. Kiwandani pia sarafu hutanuka, pete ya chuma inapokosekana. Mizani haitakusaidia hapa, maana zote mbili hazijapoteza kitu, uzito ni ule ule. Tazama picha. Iliyokosa pete ina picha nzuri, kamili, yenye ukubwa wake, na kilichozidi ni uwanja wa pembeni tu, na ukingo wake hauna meno. Ya reli imeharibika picha yenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Kenya nina neno kuhusu zile sarafu za sehemu mbili, kumi iliyoanza kutolewa mwaka 1994, ishirini ya 1998 na arubaini ya mwaka 2003. Nimeonyeshwa kumi ambayo kiini chake kimezunguka, picha ya katikati imelala ubavu wakati maandishi ya pete yamesimama. Mwenye nayo alikuwa na matumaini makubwa. Lakini kiini na pete huingia mashineni vikiwa vitupu vyote viwili, na pigo moja ndilo linaloviumba na kuvikaza pamoja. Chapa ni moja, haiwezi kuandika pete ikiwa wima na kiini kikiwa kimelala. Kiini hicho kilidondoka baadaye au kiling'olewa, kikarudishwa bila uangalifu. Kosa la kweli kwenye sarafu za namna hii huonekana kiini kinapokaa pembeni badala ya katikati, na picha ikapita juu ya kiungo bila kukatika.

Sarafu za shilingi 50 na 100 za Tanzania zina mtego wake. Moyo wake ni chuma, ngozi yake ni shaba ya njano, na ndiyo maana sumaku inazishika. Ngozi ikichubuka, unyevu wa Pwani huingia, chuma hushika kutu na kuisukuma ngozi kutoka ndani. Utaona malengelenge, madoa mekundu, wakati mwingine sarafu nzima imekuwa nyeusi kwa sababu ilianguka kwenye jiko la mkaa. Rangi peke yake isikupeleke popote. Joto, tindikali ya betri na jasho la mfukoni hufanya kazi hii kila siku.

Rangi iliwahi kuwa na maana kubwa mara moja, na ni mfano unaotajwa na kila mtu. Mwaka 1943 Marekani iligonga senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Visahani vichache vya shaba vilivyobaki vikapenya, na senti chache mno za shaba zenye mwaka huo zipo mpaka leo. Senti ya chuma ina gramu 2.7, ya shaba gramu 3.11. Walaghai huipaka shaba ile ya chuma, na sumaku huwaumbua mara moja. Wajanja zaidi huchukua senti ya shaba ya mwaka 1948 na kuikwangua 8 mpaka iwe 3. Hapo sumaku na mizani vyote vitanyamaza, na kioo pekee ndicho kitakachosema, kwa sababu tatu iliyochongwa kutoka kwenye nane haina umbo la tatu ya chapa ya mwaka ule.

Kabla hujaihukumu sarafu ya zamani, ujue ilizaliwa wapi. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamekatiwa njia ya bahari. Sarafu zikaadimika, nao wakaanza kugonga zao Tabora, kwenye karakana ya reli: heller (zile senti za Kijerumani) 5 na 20 za shaba, na hata rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Shaba ilipatikana popote ilipopatikana, hata kwenye maganda ya risasi. Chapa zilichongwa na kutumika mpaka zikachakaa. Mwezi Septemba mwaka ule majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikaisha. Ukiishika heller 20 yenye herufi T utakuta uso una mashimo, unene haulingani, picha iko pembeni, nyufa za chapa zimejaa. Kwenye sarafu ya kiwanda cha Ulaya tungezitilia shaka alama kama hizo. Kwenye hii ni alama za kuzaliwa, na ukiipeleka kwa mtu akaisugua kwa majivu na limau ili "ipendeze", ndipo unapoijeruhi.

Hali kadhalika zile senti 1, 5 na 10 za kikoloni zenye tundu. Tundu lake limezungukwa na kaukingo kalikoinuka, kalikowekwa na chapa. Tundu la keekee lina midomo mikali na hukata herufi bila huruma. Shilingi za Mfalme George zenye simba, za kabla ya mwaka 1948, zilikuwa na fedha robo, kwa hiyo nyingi zilipitia kwa masonara zikageuzwa vidani. Kipete cha kuning'inizia kikishaondolewa, tafuta doa la risasi ya kuungia kwenye ukingo, juu ya kichwa cha mfalme.

Na kuhusu bei niseme ukweli kama ninavyouona. Kosa la kweli halimaanishi utajiri. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha picha za sarafu zake, na mwaka wa peni 20 ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa Malkia. Kiwandani wakaunganisha chapa mpya ya nyuma na chapa ya zamani ya Malkia, zote mbili hazina mwaka. Ikawa sarafu ya kwanza isiyo na mwaka kuingia mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 300. Ni kosa kubwa lisilo na ubishi, lakini kiwanda chenyewe kilikadiria zilitoka kati ya 50,000 na 200,000, na bei yake imekaa kwenye makumi ya pauni. Uchache na wanaoitafuta ndivyo vinavyopanga bei, wala si ukubwa wa maajabu. Anayekuahidi mamilioni na kukutaka utume ada kwanza, mzimie simu.

Zana zinazohitajika ni chache: kioo kinachokuza mara kumi, mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na sarafu nzima ya aina hiyo hiyo na mwaka huo huo ya kulinganishia. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitumia zaidi ya zote. Weka mbili sambamba, tazama usoni, geuza, tazama ukingo, mwanga uwe wa kutoka ubavuni.

Yule kijana aliondoka na shilingi 200 yake bila furaha, nami nilidhani yameisha. Baada ya wiki kadhaa akarudi, safari hii na sarafu ya 100, akaniomba kioo kabla hajaniambia kitu. Akaitafuta mwenyewe, akanielekeza: uzi mwembamba ulioinuka, umeanzia ukingoni, umepita juu ya herufi moja na kufia uwanjani. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Upande wa pili ulikuwa mzima kabisa.

"Ni ufa wa chapa, baba?"

"Ni ufa wa chapa."

Hakuniuliza bei. Aliniuliza kama nina sarafu nyingine za mwaka ule ule. Tukamwaga kopo langu la chenji mezani, tukatafuta mpaka umeme ukakatika, hatukuipata ya pili. Tangu siku hiyo kila chenji ya konda anaikagua kabla ya kuitia mfukoni.